Askari wa mtaa aliomba kuona nguo zangu, akapelekwa moja kwa moja kwenye kabati la bangi

Wakuu, salamu kwenu wote, wa bongo na wa mbele.

Mimi huwa napita humu kimya kimya, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kushusha uzi wangu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea. Anayeona hii ni chai aongeze sukari, anywe, apite.

Nipo Brussels. Nafanya kazi kwenye ghala, kupanga maboksi. Siyo kazi ya kupiga nayo picha, lakini inalipa kodi na nyumbani inafika.

Nilipohama kule nilikokuwa, nilipata chumba mtaa wa Forest, kwa mama mmoja Mkongomani wa Bukavu. Nitamwita Maman Furaha. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na kanisani kwao ndiye mkuu wa akina mama. Mtu wa maombi, mtu wa usafi, na mtu wa kukulisha mpaka ukimbie.

Chumba changu kilikuwa stoo. Kitanda, dirisha dogo, na maboksi yake ya sufuria na mchele. Kabati hakuna.

Chumba cha pili alikaa Héritier, mtoto wa marehemu dada yake. Kijana mzima wa miaka ishirini na kitu, anaosha vyombo kwenye mgahawa pale Flagey. Mcheshi, mvivu wa kufagia, ila moyo hana mbaya.

Kwa Héritier kulikuwa na kabati kubwa la mbao, la zamani. Siku naingia, Maman alimwambia mbele yangu agawane nami hilo kabati. Akasema kwao mgeni hakai na nguo kwenye sanduku. Sanduku maana yake hujapokelewa, unasubiri kufukuzwa. Héritier akajibu, "Oui, Tantine," yaani mama mdogo.

Maman alipotoka, kijana akanivuta pembeni. "Grand, pole sana. Ile armoire imejaa. Bakia kwanza na valise yako, lakini usimuambie Tantine, atasikia haya."

Mimi nikasema sawa. Sanduku likaenda chini ya kitanda. Kumbe hapo ndipo nilipoingia mkenge.

Siku za mwanzo nikawa nasikia mngurumo ukutani. Mdogo tu, hauishi, mchana na usiku. Kitanda changu kilikuwa kimeegemea ukuta wa chumba cha Héritier. Nikadhani ni bomba la heater.

Halafu kukawa na harufu. Ikija kidogo inapotea, kwa sababu nyumba ile ilikuwa inanuka makayabu muda wote. Kwa wasiojua, makayabu ni samaki wa chumvi, Wakongomani wanampenda kuliko ndugu zao. Akikaangwa, mtaa mzima unajua. Na kila wiki Héritier alikuwa anambembeleza mama yake mdogo apike makayabu. Maman anafurahi, anasema mtoto amekumbuka nyumbani.

Siku moja kijana alisahau kufunga mlango wa chumba chake. Nikapita, nikaona mwanga wa zambarau unatoka kwenye nyufa za kabati.

Wakuu, nilisimama pale kama nimepigwa na shoti.

Alipokuja akaona hakuna pa kujificha, akafungua kufuli. Ndani kote kabati limebandikwa karatasi ya kung'aa ya fedha. Taa juu, feni ndogo ya kompyuta pembeni, matundu ametoboa mwenyewe nyuma. Chini, ndoo zenye mimea ya bangi, imestawi kuliko mchicha wa mama yangu.

Akaanza kunieleza kwa fahari, kama mtu anaonyesha mtoto wake mchanga. Kwamba ni ya kwake mwenyewe, hauzi. Kwamba hataki kununua vitu vya kuokota kwa vijana wa vichochoroni. Kwamba hapa Ubelgiji mtu akiwa na mche mmoja wanafumba macho.

Nikamwambia, "Mmoja? Hapo mbona naona shamba?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa niwaambie kwa nini. Maman ana binti yake, Neema, amebaki Bukavu kwa bibi. Walitengana Maman alipokimbia nchi, mtoto akiwa darasa la kwanza. Sasa ni msichana mkubwa. Faili la kumleta lilikuwa linashughulikiwa, na mwanasheria alishamwambia Maman wazi: nyumba iwe ya kueleweka, na pasiwe na kosa lolote la polisi. Nyumba ni kwa jina lake. Kabati lipo kwenye nyumba yake.

Kila asubuhi Maman anaamka anamwombea Neema kwa sauti mpaka chai inapoa. Na ukuta wa pili, feni inanguruma.

Nikambana Héritier aondoe. Akaniambia nimwachie avune tu, basi, hatapanda tena. Nikamtishia kumwambia Maman. Akanijibu taratibu, "Grand, ukisema, ananifukuza. Na akinifukuza, njo atalia yeye." Na kweli ndiye aliyemlea toka dada yake afe. Nikawa njia panda, mgeni wa juzi tu mwenye siri isiyokuwa yangu.

Na hapo bado sijafika kwenye tatizo lenyewe.

Kwa wasiojua mambo ya huku: ukihama, unaandikisha anwani mpya manispaa. Halafu askari wa mtaa anakuja nyumbani, bila ahadi, kuhakikisha kweli unaishi pale. Kuna watu wanauza anwani tu, kwa hiyo wanakagua. Anaangalia jina kwenye kengele, anaangalia unapolala, akishuku anaomba kuona na nguo zako. Asiporidhika, hujaandikwa. Hujaandikwa, kadi ya ukaazi haitoki. Na bila kadi, kazi kwaheri.

Mimi nilikuwa nimeshajiandikisha kabla ya kuona kilichomo kwenye hilo kabati.

Kwa hiyo Brussels nzima nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naomba polisi waje, na hapohapo naomba wasije. Kengele ikilia nakimbilia kufungua, halafu narudi nusu njia. Na askari alishapita mara moja tukiwa kazini, akaacha kikaratasi kwamba atarudi. Tukimkosa tena, ninafutwa.

Akaja Jumamosi asubuhi.

Héritier yuko kazini. Maman yuko jikoni anakaanga makayabu, kilemba kichwani, anaimba pambio. Kengele ikalia. Kabla sijafika kwenye simu ya mlangoni, Maman ameshabonyeza na kusema karibu.

Akapanda Mbelgiji wa makamo, kofia ya baiskeli mkononi, mpole. Maman akamletea kiti, akamletea chai, akamuuliza kama anakula samaki. Askari akatabasamu, akasema yuko kazini. Kifaransa chote hicho, mimi nimeganda ukutani natabasamu kama sanamu la dukani.

Akaomba kuona ninapolala. Nikamwonyesha. Akatazama maboksi ya mchele, sufuria, kitanda. Mashuka nilikuwa nimeyakunja vizuri mno, kijeshi, si unajua uoga. Chumba kikaonekana hakina mtu.

Akaniuliza, "Hapa unalala kweli? Mbona kama stoo? Nguo zako ziko wapi?"

Nikafungua mdomo. Maman akaniwahi.

Wakuu, mama wa Bukavu umguse popote, usimguse kwenye ugeni. Aliona anaambiwa ameweka mtu stoo kama gunia. Akamgeukia askari, uso umebadilika kabisa.

"Monsieur, banguo yake iko mu armoire, bien rangée, imepangwa muzuri. Kuya nikuonyeshe."

Akamalizia kwa Kifaransa, akamshika askari mkono, akampeleka chumbani kwa Héritier.

Niliwafuata tu.

Kabati hilo hapo. Kufuli hiyo hapo. Mngurumo unasikika. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa chumbani, asante Mungu, mwanga wa zambarau haukuonekana vizuri. Harufu ya makayabu ilikuwa imefunika kila kitu, lakini mimi kwa pua yangu iliyozoea nilikuwa naisikia ile nyingine chini yake.

Askari akauliza, "Kuna nini humo kinachovuma?"

Maman hakujua. Haki ya Mungu hakujua. Akasema ufunguo anao kijana, akatoa simu akampigia, akaweka loudspeaker.

Héritier akapokea, vyombo vinagongana nyuma.

"Héritier, funguo ya armoire iko wapi? Police iko hapa mu chambre yako, inataka kuona mu ndani."

Sahani moja ikaanguka, tukaisikia wote ikipasuka. Simu ikakatika.

Maman akapiga tena, haipatikani.

Mnajua mama yule alifanya nini? Akasema, "Bon." Akaenda jikoni, akarudi na nyundo. Anataka kuvunja kufuli mwenyewe, kwa mkono wake, ili kumwonyesha mzungu kwamba mgeni wake anatunzwa. Askari anamwambia polepole Madame, si lazima. Maman hasikii. Ameshainua mkono.

Nikamwona Neema, ambaye sijawahi kumwona.

Nikapaza sauti, "Maman, hapana! Nguo zangu haziko humo. Hazijawahi kuwa humo."

Mkono ukabaki hewani.

Nikakimbia chumbani kwangu, nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikalileta sebuleni, nikalifungua sakafuni mbele ya askari. Mashati, soksi, taulo, kitabu cha benki, picha ya wazazi, kila kitu. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuungaunga kwamba hapa ndipo zilipo toka nimefika. Kwamba naishi na sanduku.

Askari akachuchumaa. Akashika shati langu la kazini, akalisogeza karibu na uso. Akanusa. Akanusa tena. Halafu akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Huyu anaishi hapa," alisema. "Hilo halina ubishi."

Nguo zangu zote zilikuwa zinanuka makayabu. Yale makayabu ya kuficha harufu ya Héritier ndiyo yaliyonipa mimi anwani.

Akaandika, akaaga. Mlangoni akageuka akatazama kule chumbani, akasema mtafute fundi wa hiyo kelele. Mpaka leo sijui alijua au hakujua.

Nikafunga mlango, nikataka kucheka, nikataka kulia. Nikageuka.

Maman alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha askari, nyundo mapajani. Samaki anaungua, haendi kumgeuza.

"Umenihaibisha," akasema. "Mbele ya police. Miezi yote mu valise, mu nyumba yangu, na miye najua uko muzuri. Nilikufanyia nini, mutoto wangu?"

Niliokoa nyumba yake kwa kumdhalilisha, na sababu siwezi kuitaja. Iliniuma kuliko siku niliyoaga airport. Nilisema tu "Nisamehe, Maman," nikaenda kuzima jiko.

Héritier alirudi mchana, amevaa bado aproni ya kazini, amekimbia. Nikamkuta ngazini kabla hajaingia. Sikumtukana. Nilimweleza kuhusu nyundo. Nikamwambia, dada yako Neema alibakiza pigo moja abaki Bukavu. Akakaa kwenye ngazi, akaweka kichwa magotini.

Maman alipoenda kwenye mazoezi ya kwaya, kijana alibomoa kila kitu. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama, nikawa kama msimamizi wa jela. Hakuvuna hata jani. Alishusha mifuko na ndoo mwenyewe, akarudi mikono mitupu, akanikabidhi ufunguo.

Ila tulifanya kosa la haraka. Tuliacha ile karatasi ya fedha na matundu.

Jumapili, baada ya ibada, Maman ambaye alikuwa haongei nami akaingia chumbani kwangu bila kubisha. Akachukua sanduku. Akapiga pasi kila shati. Akayabeba mwenyewe mpaka kwenye kabati, ambalo sasa halikuwa na kufuli, akafungua milango, mimi na Héritier tukiwa nyuma yake.

Akasimama. Akatazama karatasi inayong'aa. Akapitisha kidole kwenye tundu moja, kwenye la pili. Akainama, akaokota jani moja kavu, akalinusa. Wakuu, Bukavu bangi wanaijua.

Akanitazama mimi. Akatazama nyundo ambayo bado ilikuwa juu ya meza. Nikaona kabisa anarudisha ile asubuhi yote kichwani, hatua kwa hatua.

Akaketi kitandani kwa Héritier, mashati yangu mapajani, akalia bila sauti. Héritier akapiga magoti mbele yake. Alimpiga kofi moja la shingoni, la mzazi, halafu akamkumbatia kichwa.

Kwangu alisema moja tu: "Siku ingine unaniambia miye. Haya ya watu nitaibebaka. Kupoteza Neema njo singeweza."

Kisha akainuka, akatundika mashati yangu, moja moja.

Neema amefika. Tulienda kumpokea, Maman alipiga magoti pale pale uwanja wa ndege, watu wanatupita na mabegi yao. Binti ni mrefu kuliko mama yake. Amepewa chumba cha Héritier, na Héritier sasa analala sebuleni, hana ujanja.

Juzi Neema aliuliza mezani kwa nini kabati lake lina matundu nyuma. Tukainamia sahani zetu wote watatu. Maman akamwongezea makayabu.

Mimi nguo zangu zimerudi kwenye sanduku chini ya kitanda, maana kabati sasa ni la Neema. Safari hii aliyelisukuma pale ni Maman mwenyewe.

Nilichojifunza: kwenye nyumba ya watu, "ni ya kwangu mwenyewe" hakuna. Unachokificha kabatini, mwenye nyumba ndiye atakayekijibu. Na siri ya kijana ukiibeba ili kumstahi mama yake, jiandae, bili inaweza kuja kwa mama.

Haya, viti vipo, karibuni. Mngekuwa mimi, mngemwambia Maman mapema, au mngengoja kama nilivyongoja? Na nyie mlioko huku, askari wa mtaa wenu alikagua nini?