Kicheko Ndani ya Sinema ya Wanawake

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nikiiwaza hata jikoni hucheka peke yangu. Zama hizo majumba ya Michenzani ndiyo kwanza yanajengwa, na sinema moja ya mjini ilikuwa na alasiri yake ya wanawake watupu. Tunajipara, tunajifukiza udi, tunatia mabuibui, hao tunakwenda kulia na kuchekea picha za Kihindi.

Siku hiyo lakini sikwenda kustarehe. Bi Zuhura, mjane wa mtaa wa pili, alikuwa akimtafutia mwanawe mchumba, na shangazi yangu alishapanga tukae mbele yake ili anione. Nami huyo mwanawe nilikuwa nikimtaka, tena sana. Leo sioni haya kusema. Shangazi akaniusia njia nzima nisicheke, nisitafune njugu, nitulie kama bibi harusi. Kizuri chajiuza, akaniambia.

Nikajikaza. Wenzangu wakicheka, mimi nauma upindo wa buibui. Mara kwenye picha mzee mmoja akamkimbia mkewe, akajitosa chini ya kitanda, kumbe mke yumo humo humo anamngoja. Kicheko kikanitoka. Na cheko langu unalijua, halina breki. Ukumbi mzima ukageuka, wakaacha kuicheka picha wakanicheka mimi. Shangazi akanifinya paja. Nilirudi nyumbani nalia, nikijua mume nshamkosa.

Kesho yake Bi Zuhura akapiga hodi. Shangazi hakungoja hata akae, akaanza kuniombea radhi, kwamba mtoto bado mdogo, atafunzika.

"Usije ukamfunza," Bi Zuhura akamkata. "Tangu afe baba yao, nyumba yangu imenyamaza. Nnamtaka huyu huyu anayecheka."

Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, kwangu usije na adabu ya kuigiza. Ntaijua."

Basi mwanangu, watakapokuja kukutazama, jistahi na uwaheshimu watu, lakini usijigeuze mwengine ili upendwe. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na tabia ya kuazima ni hivyo hivyo: utaivaa siku ya harusi, halafu utaivua lini? Anayekutaka na akutake na cheko lako. Mola akujaalie nyumba ambayo siku ukinyamaza, watu wake watakuja kukuuliza una nini. Amin.