Damu ya O Ilivyokataliwa Muheto

Siku yangu ya kwanza kazini katika labo, maabara ya kituo cha Nyamitaba, Infirmier Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya, hakunionyesha darubini. Alinikalisha mbele ya kigae cheupe, akanichoma kidole mimi mwenyewe, akadondosha matone mawili ya damu yangu. Kwenye moja alitia dawa ya kutambua A, kwenye la pili dawa ya kutambua B.

"Koroga. Angalia kwanza, njo useme," akaniambia; "njo" yetu ni "ndipo" au "ndiyo".

Tone la kwanza likakatika vipande vidogo, la pili likabaki laini. "Basi uko A," akasema, akaenda zake kuhudumia wagonjwa. Mimi nikabaki nimeduwaa. Miaka yote hiyo nimebeba kitu mwilini na sikijui! Udadisi ulionishika asubuhi ile haujaniacha, na wenzangu walinitania kwamba hata harusini huwa nawatazama watu mishipa badala ya nguo.

Vijana wa labo wa leo mnayajua haya, lakini wengine na wasikie. Kundi la damu ni alama zilizo juu ya chembe nyekundu. Mwenye A ana alama yake, mwenye B yake, AB anazo zote mbili, na O hana hata moja. Maji ya damu, tunayoyaita serum, hushambulia alama ngeni. Kwa hiyo chembe za O zinaweza kuwafaa wengi, lakini O mwenyewe hapokei ila kwa O mwenzake.

Baadaye nilihamishiwa Kibua, upande wa Walikale, na huko nikakutana na kolera, yaani kipindupindu. Nilipowapima wale waliofika wamekauka kabisa, nilihisi wengi wao ni O. Nikamwuliza Médecin Chef de Zone, daktari anayesimamia vituo vyote vya eneo. Mkubwa mwingine angeniambia nioshe vioo vyangu ninyamaze. Huyu alivuta kiti.

"Mama, macho ya mutu moja haiko uchunguzi. Lakini wenye kuchunguza walionaka ile ile."

Akanieleza kwamba O akipata kolera huelekea kuugua vibaya zaidi. Kwenye malaria mambo hugeuka: chembe zenye mdudu hushikana na nyingine na kuziba vimishipa, na kwa mwenye A hushikana kwa nguvu, kwa O hulegea. Vidonda vya tumbo humwandama O kidogo zaidi, na damu kuganda ndani ya mishipa huwaandama wengine. "Hakuna groupe yenye ilibarikiwa fasi yote," akasema, yaani hakuna kundi lililobarikiwa kila mahali. Nilifurahi siku nzima.

Nilipohamia Muheto, huko Masisi, daktari huyo huyo, naye akiwa amehamishiwa huko, alikuja kuwaeleza watu hayo baada ya misa. Alieleza vizuri. Lakini neno lilipopanda vilima na kushuka, lilirudi na sura nyingine: damu ya O ina kolera ndani yake. Aliyeumia kwanza ni Papa Kasereka, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, O, ambaye tulizoea kumwita tukihitaji damu. Watu waliendelea kununua chumvi yake, ila damu yake hawakuitaka.

Ndipo Papa Bahati, mkulima wa maharagwe, akamleta binti yake Furaha. Malaria ilikuwa imemmaliza damu. Viganja vyeupe, anapumua kwa shida. Bila kuongezewa damu mchana ule asingefika jioni. Nikampima: O. Mama yake alikuwa O pia, lakini ana mimba kubwa, hatuwezi kumtoa damu. Baba alikuwa A. Nikatuma mtu dukani kwa Papa Kasereka.

Papa Bahati alipomwona Papa Kasereka anaingia, alisimama mlangoni.

"Mama Labo, uyu hapana. Docteur alisema kolera inawapendaka ba O. Unataka kumuwekea mutoto wangu kolera?"

"Papa, kolera inatokaka mu maji muchafu, haiko mu damu. Na Furaha mwenyewe iko O."

"Bongo!" akasema, yaani uongo. "O hawapatake malaria mubaya. Docteur alisema."

"Alisema inapunguza. Hakusema inafunga mulango."

Akakunja mkono wa shati. "Kamata yangu. Mimi njo baba yake."

Nikamvuta mpaka mezani. Nikatia serum ya Furaha kwenye kigae mara mbili, moja nikaichanganya na chembe za baba huyo, nyingine na za Papa Kasereka. Nilimsikia mtoto akihema nyuma ya pazia.

"Koroga weye mwenyewe," nikamwambia.

Akakoroga. Tone lake likakatika. La mfanyabiashara likabaki laini. Masisi ni nchi ya ng'ombe; mtu wa huko humfundishi maziwa yaliyokatika.

"Ilikatika," akasema polepole.

"Njo vile itakatika mu mishipa ya mutoto."

Akasogea kando, akampisha mfanyabiashara. Papa Kasereka, ambaye nilikuwa nimekwisha kumpima ukimwi na homa ya ini, akalala kitandani akatoa mkono. Jioni Furaha aliomba uji.

Lakini baba hakufurahi kama nilivyotazamia. "Baba wa namna gani anashindwa kumupatia mutoto damu?" aliniuliza, macho yamemlowa. Papa Kasereka ndiye aliyejibu: "Ile ingine yote ulimupatia weye, Papa. Mimi nilileta ka mufuko kamoja tu."

Sasa nimestaafu. Watu hunisimamisha njiani: mimi ni B, nitaugua nini? Nawajibu kwamba kundi linaongeza au kupunguza hatari kidogo, halihukumu mtu. Lala ndani ya chandarua, chemsha maji. Mwenyewe bado najiuliza kwa nini alama ndogo namna hiyo imsaidie mtu huku na kumponza kule, na sijachoka kujiuliza.

Papa Bahati naye aliniomba kwamba siku akija mgonjwa wa A anayehitaji damu, aitwe yeye kwanza. Niliondoka kazini siku hiyo haijafika. Kijana aliyechukua nafasi yangu ananiambia kwamba kila siku ya soko mzee hupita dirishani, mkono wa shati umekunjwa, na kuuliza: "Bado A hajakuya?"