Mwalimu Sentensi na darasa lisiloruhusiwa kunyamaza

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mwanamke mwenye filimbi shingoni amesimama katikati ya ukumbi wa ghorofa ya kwanza, kiganja mbele. "Pampu!" anasema. Watu kumi na wanne wanaingiza mikono mifukoni na kutoa vichupa vyao vya dawa ya pumu, vile vya kupulizia mdomoni. Asiyekuwa nacho anarudishwa, hata kama ameshapanda ngazi zote thelathini na nane.

Neno hilo limewahi kumponza. Mwaka jana alimpigia simu fundi wa kuchomelea vyuma, mwanafunzi mpya, akamwambia aje na pampu yake. Fundi akaja na pampu ya baiskeli.

"Mimi nilijua tunajaza mipira," anajitetea fundi huyo, ambaye wenzake wanamwita Baiskeli mpaka leo. "Na nilikuwa nimeibeba begani njia nzima, watu wananiuliza pancha iko wapi."

Mkufunzi mwenyewe, mwenye umri wa miaka 47, anaitwa Mwalimu Sentensi. Kazi yake ni kuwafanyisha mazoezi watu wenye pumu, na kifaa anachokitegemea kuliko vyote ni midomo yao.

"Mtu akitembea huku anasema sentensi nzima bila kuikata, mwendo wake ni mzuri," anaeleza. "Akianza kutoa neno moja moja, apunguze. Akinyamaza, nasimamisha darasa. Kwangu mtu mkimya ndiye mgonjwa."

Kwa hiyo wanaongea saa nzima. Dakika kumi na tano za kwanza ni za kupasha mwili moto, na umbea wake ni mwepesi: bei ya sabuni, jirani aliyehama. Mwendo ukiongezeka, umbea nao unakolea. Bingwa ni mzee aliyekuwa karani wa mahakama, ambaye kwa wiki tatu sasa anasimulia habari za mkwewe aliyenunua kochi lisilopita mlangoni. Mkwe ameshalala nalo nje siku mbili, akililinda lisiibwe.

Mwandishi wa makala haya hana pumu. Alijiunga nao, akamaliza mizunguko mitatu, na sentensi yake ikaishia njiani.

Mwalimu Sentensi alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate kwa miaka kumi na mmoja. Vumbi la unga lilimchokoza kifua, na katika mwaka wake wa mwisho pale alilazwa hospitali mara nne. "Nikaogopa kila kitu. Kufagia naogopa, kucheka naogopa. Nilikaa kitini mpaka kiti kikanizoea."

Aliyemtoa kitini ni mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali, aliyemtembeza taratibu, mita ishirini, kisha arobaini. Baadaye mwalimu akawa msaidizi wa mtaalamu huyo kwa miaka miwili, akasomea kazi hiyo, akafungua darasa. Hampokei mtu asiye na barua ya daktari.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya aina nyingine. Msimamizi wa jengo aliandika kwamba ofisi za chini zinalalamikia kelele za "kikundi cha soga kinachojiita cha mazoezi". Angekuja Alhamisi kujionea, kisha aamue kama wabaki au waondoke. Katika faili lake kulikuwa pia na ombi la mwalimu la kupewa ukumbi siku za Jumamosi, kwa ajili ya watoto.

"Ukumbi huu nikiukosa, sina pengine," alisema siku mbili kabla ya Alhamisi hiyo. "Nje vumbi tupu. Darasa linakufa, na la watoto linakufa kabla halijazaliwa."

Ndipo akafanya ambalo hajawahi kulifanya. Aliwaambia wanafunzi wake wafunge midomo. "Jamani, siku hiyo tu. Tuonekane watu wa maana."

Alhamisi ikafika. Msimamizi, mwanamume wa tai na daftari, akakaa karibu na mlango. Watu kumi na wanne wakaanza kuzunguka kimya, nyuso zimekazwa. "Nilidhani tunazika," anasema msusi mmoja, ambaye darasa zima linamwita Shangazi.

Karani alitii kuliko wote. Kwanza alinyamaza kwa kuwa ameagizwa. Kisha, mzunguko wa saba, akanyamaza kwa kuwa hana pumzi ya kusemea. Kwa macho ya mwandishi huyu, vimya hivyo viwili vilikuwa kimoja. Shangazi peke yake, aliyetembea nyuma yake miaka miwili akisikiliza hadithi zake, ndiye aliyegundua.

"Mwalimu!" alipiga kelele. "Babu amenyamaza vibaya!"

Filimbi ilipolia mwalimu alikuwa ameshafika. Alimkalisha mzee wima, akaichukua pampu mfukoni mwa mzee, akampulizia dawa mara moja, akangoja, akampulizia tena. "Polepole, babu. Nipo hapa. Usiseme kitu."

"Nilijichukia," anakiri. "Nilimhatarisha mzee wa watu kwa sababu ya chumba."

Dakika zikapita. Rangi ikamrudi mzee, mabega yakashuka. Mwalimu akapiga magoti mbele yake. "Babu, nipe sentensi."

"Kochi," alisema Karani. Ukumbi mzima ukangoja. Akavuta pumzi, akaendelea: "Kochi limepitishwa dirishani jana, na sasa limeuziba mlango kwa ndani."

Watu wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Sauti ikatoka nyuma yao: "Sasa mkwe mwenyewe anaingiaje?" Alikuwa msimamizi wa jengo, daftari limedondoka chini.

Mwalimu akamgeukia. "Bosi, andika unachotaka, lakini leo nimekudanganya. Darasa langu lina kelele. Kelele hizo ndizo zinaniambia nani anapumua. Siwanyamazishi tena, hata ukitufukuza."

Karani alipelekwa hospitali siku hiyohiyo akaangaliwe, na wiki iliyofuata akaruhusiwa kurudi. Barua ya msimamizi nayo ilifika: wabaki mwaka mzima, mlango wa ngazini ufungwe, na Jumamosi wapewe.

Watoto tisa wameshaandikishwa. Alipoulizwa kwa nini aliwataka sana watoto, Mwalimu Sentensi alinyamaza, jambo lililomtia mwandishi wasiwasi.

"Shuleni, mwalimu wa michezo aliogopa nitamfia uwanjani kwa pumu yangu," alisema hatimaye. "Akanipa kazi ya kukaa pembeni na kulinda viatu vya wenzangu. Miaka saba. Nilijua kiatu cha nani kimetoboka, soli ya nani inaelekea kuisha. Mbio sikukimbia hata moja."

Jumamosi ya kwanza ni wiki ijayo. Wazazi watatu wamempigia simu kuuliza walete nini, naye amewajibu wote: barua ya daktari, pampu ya dawa na si ya baiskeli, na mtoto mwenyewe.

"Viatu wavue tu mlangoni," anasema. "Nitavilinda mimi."