Kadi Iliyopelekwa Kupimwa

Emil Hlavaty hakuwa mtu wa kupenda vitu. Alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha chuma pale Lorain, Ohio, akastaafu na mgongo mbovu na mashati manne, na mkewe Theresa alizoea kusema kwamba mwizi akitaka kumwibia Emil, itabidi kwanza amnunulie kitu. Kadi tu ndizo zilizompata. Na hata hizo hakuzitafuta mwenyewe. Aliambukizwa na kaka yake, kama watoto wanavyoambukizana tetekuwanga.

Kaka yake huyo ni Rudy, aliyemzidi miaka minne. Kiangazi cha mwaka 1959 Rudy alikuwa akisambaza magazeti asubuhi, na senti zake zote ziliishia katika duka la Mama Balog, kununua pakiti za kadi za besiboli. Ndani ya kila pakiti mlikuwa na kadi chache zenye picha za wachezaji, pamoja na kipande cha chingamu kigumu kama kigae. Rudy alichukua kadi, Emil akapewa chingamu. Ndivyo alivyoingia, kwa kutafuna. Siku moja Rudy akamwachia kadi aliyokuwa nayo mara mbili, Emil akaificha chini ya mto, na alipoamka alikuwa anataka nyingine. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Kadi za kila mwaka zina namba, na anayezikusanya hapati raha mpaka amalize namba zote. Majani yalipoanza kupukutika, ndugu hawa wawili walikuwa wamezimaliza zote ila moja, ya mtu aitwaye Lonnie Tarver, mrushaji mpira wa timu ya Cleveland. Tarver hakuwa bingwa. Alikuwa mrushaji wa kawaida kabisa, na mashabiki walimzomea kuliko walivyomshangilia. Ila kadi yake ilikuwa katika fungu la mwisho, lililotoka Septemba, shule zimeshafunguliwa na watoto wamehamia mchezo mwingine, na wenye maduka hawakujisumbua kuagiza. Kwa hiyo mtu asiye na maana uwanjani akawa adimu kuliko mabingwa. Mambo ya kadi ndivyo yalivyo, usitafute haki humo.

Wamarekani wengi wa umri wao watakuambia kwa uchungu kwamba mama zao walizitupa kadi zao walipokwenda jeshini. Mama Hlavaty hakutupa hata kizibo cha chupa. Rudy aliporudi kutoka jeshini alizikuta zote, akanunua albamu yenye mifuko ya plastiki, akazipanga kwa namba, na mfuko wa Tarver akauacha mtupu. Hakuoa. Aliendesha basi la shule, na kila Jumapili baada ya misa alikuja kula pirogi, maandazi ya viazi, kwa Theresa. Sahani zikishaondolewa, albamu iliwekwa mezani. Waliipitia ukurasa kwa ukurasa kama watu wanaosali rozari, na wakifika kwenye ule mfuko mtupu Rudy aliugonga kwa kidole na kusema, "Tutampata tu, dogo."

Mara mbili walimpata. Mara ya kwanza kadi ilikuwa na mkunjo katikati, mara ya pili ilikuwa na duara la kikombe cha kahawa. Rudy alizikataa zote mbili.

"Bora pengo kuliko jino bovu," alisema.

Siku hizo ungeweza kumnunua Tarver mzuri kwa bei ya chakula cha mchana, kama ungemwona. Halafu wakaja watu wazima wenye tai, waliogundua kwamba vitu vya watoto vinapanda bei kuliko nyumba. Emil alianza kuweka akiba. Akifika ilipokuwa bei mwaka jana, bei imeshahama. Akiifuata, imehama tena. Theresa alimwambia anamkimbilia mtu aliyepanda treni. Kisha ukaja ule ugonjwa uliofungia watu majumbani, wakakaa na upweke wao, wakakumbuka maboksi yao ya utotoni, na bei zikaruka wazimu. Hata pakiti mpya za watoto zilifichwa nyuma ya kaunta, kwa sababu wanaume wenye ndevu walishikana mashati kuzigombea. Sijui ni watoto gani walionunua kadi mwaka ule. Nadhani hakuna.

Na ndani ya miaka hiyohiyo kichwa cha Rudy kikaanza kumponyoka. Kwanza alisahau njia ya basi aliyoiendesha nusu ya maisha yake. Halafu akaanza kusahau majiko yanayowaka. Alipohamishiwa kwenye nyumba ya wazee karibu na ziwa, daktari alimwambia Emil wazi kwamba kaka yake atasahau watu mmoja mmoja, na kwamba ajiandae, zamu yake nayo itafika. Lakini albamu Rudy alikuwa bado anaijua. Kila Jumapili aliugonga mfuko mtupu.

"Tarver bado?"

"Bado, kaka."

Emil akauza boti yake ya kuvulia samaki, kitu pekee alichowahi kujinunulia. Hakumuuliza mtu. Alikuwa anataka jambo moja tu duniani, kuiweka kadi ile katika mfuko wake wa albamu, Rudy akiwa bado anajua ni kadi gani na anayeiweka ni nani.

Aliipata mwezi wa Novemba, kwenye gulio la kadi linalofanyika katika ukumbi wa shule. Muuzaji aliitwa Gus Ferrante, kijana wa watu, mnene, mcheshi, anayempenda Emil kwa dhati. Kadi ilikuwa safi, pembe zake kali, rangi zake kama zimetoka kiwandani juzi. Emil aliitazama mpaka miwani ikamfanyia ukungu.

"Sasa mzee wangu, usije ukaenda nayo hivihivi," Gus alimwambia. "Ipeleke ikapimwe. Wanaikagua, wanaipa alama, wanaifungia ndani ya plastiki ngumu. Hivi ilivyo ni kadi tu. Ikishapimwa ni mali."

"Mimi siuzi, Gus."

"Kila mtu hauzi mpaka siku anayouza. Halafu siku hizi kuna mijizi inakata kingo zilizochakaa ili kadi ionekane mpya. Mimi nimeinunua kwa mtu, naye kwa mtu. Utampelekea kaka yako kadi ya kughushi?"

Neno hilo lilimwingia Emil. Alikwenda nalo nyumbani, akaiweka kadi mezani na kumweleza mkewe. Theresa alikuwa anakanda unga wa kolachi, vile vimkate vitamu. Hata hakuinua macho.

"Kesho Jumapili. Mpelekee kesho."

"Nikishaipima."

"Kupima nini, Emil? Ina homa?"

"Mikono yake inatetemeka, Theresa. Juzi kamwaga supu kifuani. Akiikunja je? Hii kadi ni boti nzima."

Theresa akaacha kukanda. "Akiikunja itakuwa imekunjwa na mwenyewe. We mwanamume, umemtafutia kaka yako au umeitafutia benki?"

Nami nimemjua Emil kwa miaka mingi, na nitasema alichokataa kukisema: aliogopa. Kitu kikiwa cha senti tano unampa mtu akichezee. Kikiwa cha bei ya boti, unaanza kuitazama mikono ya ndugu yako kama mikono ya mwizi. Kadi haikubadilika. Ni Emil aliyebadilika. Jumatatu aliifunga ndani ya kadibodi mbili, akaipeleka posta.

Kampuni ya upimaji ilimjibu kwamba itakuwa tayari kabla ya Krismasi. Lakini nusu ya Marekani ilikuwa imetuma kadi zake zipimwe, na kampuni ilikuwa imezama ndani ya mamilioni ya makaratasi. Krismasi ikapita. Pasaka ikapita. Emil alipiga simu, akasikiliza muziki, akaambiwa asubiri. Ngojangoja huumiza matumbo, na lake liliuma kweli, kwa maana kila Jumapili aliketi mbele ya albamu na kumwona kaka yake akiondoka kidogokidogo.

Mwezi wa pili Rudy bado aliuliza, "Tarver bado?" Mwezi wa tatu aliugonga mfuko bila kuuliza. Mwezi wa tano hakuugonga. Aliifungua albamu katikati, akaifunga, akamuuliza Emil kwa adabu kama yeye ndiye fundi wa bomba la bafuni.

"Ni mimi, Emil."

"Ahaa," Rudy alisema, kama mtu anayetajiwa jina la mji wa mbali. "Linavuja tangu jana."

Emil alikwenda kulitazama bomba. Halikuwa linavuja. Alisimama bafuni akalia, maji ameyafungulia ili asisikike.

Kadi ilirudi mwezi wa Julai. Ilikuwa imekaa ndani ya plastiki nene iliyozibwa pande zote, na juu yake kibandiko chenye alama, saba kati ya kumi. Gus alipopigiwa simu alipiga mbinja. Alisema saba kwa kadi ile ni heri kubwa, na kwamba anao watu wawili wanaoweza kumpa Emil bei ya boti mbili.

"Niliiweka pale miezi minane, Gus," Emil alisema.

"Ndiyo, lakini ni saba, mzee. Saba."

Emil akakata simu. Albamu ya Rudy haikuwa na mfuko wa kuingiza tofali la plastiki. Akaenda gereji, akachukua koleo, akalivunja lile ganda upande kwa upande. Namba saba ikaanguka sakafuni pamoja na bei yake, maana kadi ikishatolewa humo ni kadi tu tena. Theresa alisimama mlangoni akimtazama. Alimpa leso safi ya kuifungia.

Rudy alikuwa ameketi karibu na dirisha, amenyolewa, amevalishwa shati lenye mfuko. Emil akaweka albamu mapajani mwa kaka yake, akaifungua kwenye ule ukurasa, kisha akafunua leso na kumnyooshea kadi.

Mikono ya Rudy ilitetemeka mpaka ilipoigusa. Aliishika kingoni kwa vidole viwili, bila kugusa uso wake wala pembe, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaiinua kwenye mwanga kutafuta mkunjo.

"Tarver," alisema.

"Ndiye," Emil alisema. "Ndiye mwenyewe."

"Safi hii. Umeitoa wapi, mzee?"

Mzee. "Nimeinunua," Emil alisema.

"Unaiuza?"

"Siiuzi. Ni yako. Iweke hapo kwenye mfuko, uone."

Rudy hakuitazama albamu. Alitazama mlango, akageuka nyuma, akaitazama korido kama mtu anayehofia kusikilizwa. Kisha akaitia kadi taratibu ndani ya mfuko wa shati lake na kuufunika kwa kiganja.

"Basi usimwambie mtu," alinong'ona. "Mimi sina shida nayo hii. Nina mdogo wangu, anaitwa Emil. Ndiye anayeitaka. Anajifunika blanketi analia, anafikiri sisikii."

Emil alikuwa ameshasahau kwamba aliwahi kuililia. Miaka yote hiyo alijua anamtafutia Rudy, kumbe Rudy alikuwa akimtafutia yeye.

"Yuko wapi sasa huyo mdogo wako?"

"Shuleni. Anakuja sasa hivi." Rudy alitabasamu, kiganja bado kifuani. "Nataka kumshtukiza. Sasa fanya hisani, mzee wangu, nenda. Akikukuta hapa atajua."

Emil akamtazama kaka yake mara moja, akaichukua ile albamu, akatoka upesi, asije akakutwa.