Editha Ndunguru, Aliyehamishia Jumuiya Wodini

Alizaliwa Novemba 1981 katika vilima vya Mbinga, kusini mwa Tanzania, mtoto wa nne wa Gaudensi Ndunguru na Teresfora, wakulima wa kahawa na watu wa sala. Akiwa msichana aliingia kwa masista, akitaka kumtumikia Mungu maisha yake yote. Lakini pumu ilimshika, na mwaka 2003 mama mkuu akamrudisha nyumbani, ati utawa unataka kifua chenye nguvu. Mwingine angenuna. Editha alifua nguo za unovisi, akazipiga pasi, akazirudisha, kisha akaenda kuosha wagonjwa katika zahanati ya parokia yao. Wito wake ulikuwa huko, ila waliomfukuza hawakuuona. Wakubwa huwa hawaoni.

Kwaresima ya mwaka 2017 alivuka mpaka, akaja Nairobi kujitolea katika Nyumba ya Simeoni, hapa mtaa wa Jamhuri, mahali wanapolazwa wale ambao hospitali imesema haina dawa tena. Alipewa kitanda na chakula, basi. Siku ya kwanza alimwamkia mgonjwa aitwaye Wanjugu, "Shikamoo, mama."

"Ati shika nini?" Wanjugu alicheka mpaka akakohoa. "Sista, huku tunasema 'Sasa?' Hiyo Kiswahili yako ni ya redio."

"Mimi siyo sista, mama. Masista walinirudisha nyumbani."

"Basi karibu. Hata mimi hawanitaki."

Wanjugu huyo alikuwa mke wangu mimi ninayeandika. Alikuwa amesoma mafundisho miaka miwili ili abatizwe Mkesha wa Pasaka, na kabla ya Krismasi ugonjwa wa uti wa mgongo ukamlaza. Parokia yetu ina sheria yake: mtu mzima habatizwi mpaka jumuiya yake imshuhudie kwamba anahudhuria sala za Jumamosi, zinazozunguka nyumba kwa nyumba. Mtu asiyeweza kuketi atazungukaje? Wakasoma majina ya watakaobatizwa kanisani, lake halikuwepo. Hakuna kiongozi aliyekuja kumwambia. Alisikia kwa mpishi. Padre alisema anaweza kumbatiza pale kitandani kwa sababu ya hatari ya kufa. Wanjugu akakataa. "Nimefagia hiyo kanisa miaka mingi," alisema. "Siingii kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Nataka watu wangu wanipokee." Na daktari alikuwa amesema Pasaka nyingine hataiona.

Editha alimwendea Mzee Mbugua, mwenyekiti wa jumuiya, nyumbani kwake.

"Dada, wewe ni mgeni," Mbugua alimwambia. "Sisi tuko na utaratibu. Huyo mama haonekani kwa jumuiya."

"Jumuiya nayo haionekani kwake, Mzee. Jumamosi hii zamu ni ya nani?"

"Yangu."

"Naomba unipe mimi."

Hapo alikosea, kwa sababu kwetu zamu haombi mtu asiye na nyumba, na wodi si nyumba. Kwao Mbinga jumuiya huenda hata zahanati, basi alidhani ni hivyo kila mahali. Lakini Njambi, mke wa Mbugua, alikuwa amechoka kupikia watu chai na chapati, akapaza sauti kutoka jikoni: "Mpe, Baba Ciru! Mpe haraka kabla hajageuza nia!" Hivyo Mungu alitumia hata uvivu.

Jumamosi walikuja, wakabanana katikati ya vitanda, wengine leso puani. Editha alikuwa amepika chai ya tangawizi. Baada ya Injili, desturi ni mwenye nyumba asimame, awajulishe wageni watu wa kwake. Wote walimtazama Editha. Akasema, "Mimi ni mpita njia. Mwenye nyumba ni Mama Wanjugu." Na mke wangu, kichwa kikiwa juu ya mto wa kitanda, aliwataja wagonjwa wote wa chumba kile mmoja mmoja, kama watoto wake, na huyu apendacho na yule aumwapo. Alipomaliza aliuliza, "Mzee Mbugua, aliyekaribisha jumuiya kwake ni mwanajumuiya ama si mwanajumuiya?" Kanuni hiyo ilikuwepo, na aliyeitunga ni yeye. "Ni mwanajumuiya," alisema Mbugua, akiangalia kikombe chake.

Siku za Editha ziliisha Jumapili ya Matawi, na mama yake alikuwa akimngoja kwa sikukuu. Alimpigia simu, akaambiwa, "Baki, mwanangu. Pasaka ni moja, huku na huko." Akabaki. Jumamosi Kuu wanajumuiya walimbeba Wanjugu na godoro lake, wakapita mbele ya moto mpya, mbele ya viti vya wakubwa, hadi kwenye maji. Mbugua alishika pembe moja, hilo nalikubali. Editha alikuwa msimamizi. Mke wangu alibatizwa Perpetua, akafa wiki ya pili ya Pasaka, akicheka bado Kiswahili cha redio.

Editha alirudi kila Kwaresima alipoweza, mpaka kifua kikamshinda. Alifariki Mbinga, Agosti 2022. Kanisa halijamtangaza, na mimi si wa kutangaza. Lakini Naliaka, mgonjwa aliyenyamazishwa na kiharusi mwaka mzima, alijibu "Amina" kwa sauti wodini siku Editha alipoongoza sala, na waliokuwepo wako hai, waulizwe. Tuliomba jumuiya ichukue jina lake. Halmashauri ya parokia ikakataa, ati si mtakatifu rasmi. Watu wanaiita Jumuiya ya Editha hivyo hivyo. Na tangu mwaka ule, katika Nyumba ya Simeoni hakuna aliyekufa bila majirani kusali kando yake.

Ndugu mpendwa, usingoje viongozi. Asiyeonekana kwa sala, tumfuate. Jumamosi hii zamu ni ya Were, yule fundi wa viatu aliyevunjika nyonga, nyuma ya soko. Hawezi kufungua mlango. Sukuma, uingie.