Ba Hakuondoka na Koo Kavu

Bado siamini. Sijamwambia mtu yeyote: mimi ndiye niliyempa Ba maji yake ya mwisho.

Post hii nimewawekea marafiki wachache tu niliowachagua. Mnanijua. Hata darasani nilikuwa siinui mkono.

Ba, yaani mama kwa Kigujarati, ni mama mzazi wa boss wangu, Kirit bhai, mwenye duka la mapazia hapa Malindi nilikoanza kazi baada ya Form Four. Aliishi ghorofani, juu ya duka. Moyo wake ulikuwa umechoka na daktari alisema asiachwe peke yake, kwa hiyo mchana duka likifungwa nilipanda kukaa naye.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, dikri. Umekula, au umeshiba haya?"

Dikri kwao ni binti. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Malindi ya zamani, kitamu kuliko changu mimi Mgiriama.

Chumbani alikuwa na sanamu ndogo ya Krishna, mungu wao, akiwa mtoto mchanga. Asubuhi alimwamsha, akamwogesha, akamvika nguo. Mchana alimpa maziwa, kisha akamvutia pazia alale. Pazia hilo nililishona mimi, kwa kipande kilichobaki kwenye order ya hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi.

Mama alikuwa amenionya. "Kadzo, kazi fanya, mshahara chukua. Lakini vitu vya madhabahu yao usiguse. Ushasikia?" Mama ni mwombezi kanisani kwetu. Habari ya pazia sikumwambia.

Siku moja nilijikaza nikauliza, "Ba, kwani huyu mtoto anasikia?"

Hakukasirika. "Baba yako akipiga simu kutoka Gongoni, huko kwenye kazi ya chumvi, mama yako huongea na nini?"

"Na simu."

"Anaipenda ile plastiki?"

"Hapana, Ba!"

"Basi na mimi niache niongee na simu yangu." Nilicheka mpaka nikaficha uso.

Kila jambo kwake lilikuwa na mfano. Jioni moja nilipiga yowe uani: nyoka! Kirit bhai akatoka mbio na fimbo. Ba akapaza sauti dirishani, "Leteni taa kwanza, ndipo mkimbie!" Kumbe mpira wa kumwagilia maua. Jamani, aibu niliyoona! Akaniambia, "Mpira haukubadilika, dikri. Ni wewe uliyeutazama gizani. Hata Mungu watu humwogopa hivyo hivyo."

Mfano alioupenda zaidi ni wa tumbili na paka. Mtoto wa tumbili hujishikilia mwenyewe kifuani kwa mama yake, akiachia, anaanguka. Mtoto wa paka hulia tu, na mama humwinua kwa shingo akampeleka anakotaka. "Kuna wanaompenda Mungu kitumbili na wanaompenda kipaka," alisema. "Mimi bado tumbili. Nashikilia, nashikilia, mikono inauma."

Jumanne mchana Kirit bhai alikuwa njiani na delivery ya Bofa. Ba alikuwa amelala. Ghafla uso wake ukawa wa kijivu, pumzi ikawa fupi. Nilipiga simu kwa Kirit bhai, haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikasema nikimbie kwa jirani, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usiniache. Lete maji."

Nilijua ni maji gani. Kwenye madhabahu kuna chombo kidogo cha shaba, kimezibwa kwa nta, kina maji ya Ganga, mto wao mtakatifu. Mtu wao akiwa anaondoka hutiwa tone mdomoni pamoja na jani la mrehani wao. Ba aliniambia zamani kwamba yeye atatiwa na mwanawe.

Niliogopa, Mungu wangu. Niliogopa atapaliwa na maji. Niliogopa madhabahu. Nilimwogopa mama.

"Ba, mimi si wenu."

"Maji yatajua?"

Hata pale alinitania. Nikabandua nta kwa kucha, nikachuma jani la mrehani kwenye chungu cha dirishani, nikamdondoshea mdomoni. Akameza vizuri. Nilimwona akimeza.

Kisha vidole vyake vikalegea mkononi mwangu. "Sasa mimi ni paka," akasema. Hakusema tena.

Kabla ya kumwita jirani nilirudisha chombo, nikaibandika nta kwa kidole gumba. Hofu ndiyo iliyonituma.

Ba ameshachomwa, kama desturi yao. Jana nilipandisha chai kwa wageni nikamsikia Kirit bhai akimwambia shangazi yake, "Mama ameondoka na koo kavu. Mimi mwanawe niko barabarani na mapazia!" Analia kama mtoto. Vikombe viligongana kwenye sinia. Nikaviweka, nikashuka dukani.

Nikisema, huenda akaniambia maji yangu ndiyo yaliyomuua. Huenda mama akanitoa kazini na kunisimamisha mbele ya kanisa niombewe. Usingizi sina. Nikifumba macho nasikia vile vikombe.

Lakini nasikia pia ile sauti ya dirishani. Leteni taa kwanza. Sijui kama hiki kilicho mbele yangu ni nyoka au mpira, ila najua Kirit bhai yuko gizani, na taa ninayo mimi.

Kesho, kabla ya kufungua duka, nitapanda ngazi nimwambie. Nitaogopa, lakini nitapanda.

Asante kwa kila mchana, Ba. Pazia la mtoto wako nimelivuta. Lala salama, umebebwa, huanguki.

Na nyinyi mliosoma mpaka hapa, nawasihi, hili lisitoke kwenu. Asilisikie Kirit bhai kabla sijamwambia mwenyewe. Na mama, tafadhalini, mama asijue kabisa.