Kutafuta Chumba cha Fungate Mikumi

Katika maandalizi yote ya harusi yetu, Minza aliniachia kazi moja tu: kuchagua mahali pa fungate.

"Nenda Mikumi ukaone kwa macho yako," alisema. "Mimi sitaki hata picha. Nikifika hapo ulipochagua, nitajua kama unanifahamu au ulipenda gauni la sendofu tu."

Kwao binti hasafiri na mchumba kabla ya ndoa. Badala yake nikapewa shangazi yake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka Kilosa kwa pikipiki ya kaka yangu, kichwani nikiwa na fungate nzima tayari: kibanda cha makuti, nyika iliyolala wazi mbele yetu, na tembo wakinywa maji huku sisi tukinong'ona. Mwandishi wa riwaya kama mimi hasafiri bila kutangulia kufika kichwani.

Saa moja na nusu, Tindiga. Shangazi Kabula alikuwa ameshasimama kando ya barabara na kitenge kipya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa, mkwe. Ulikuwa unajipodoa?"

Alipanda akakaa upande. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na upepo ukipita juu yake shamba zima lilionekana kama linapumua. Mbele kidogo tulisimama kupisha ng'ombe. Shangazi alitoa maoni kuhusu kila fahali. Mmoja alimsifia kwa moyo kuliko alivyowahi kunisifia mimi.

Saa nne tulikunywa chai na chapati katika kijiji cha Ulaya. "Ukiulizwa," alisema, "waambie mkweo ulimpeleka Ulaya."

Saa tano na nusu, Mikumi. Hoteli ya kwanza ilikuwa kando ya barabara kuu. Bwawa la kuogelea lilikuwa safi, lakini kila lori lililopita liliitikisa glasi yangu ya juisi. Tulishukuru, tukaondoka.

Saa saba tukafika kwenye kambi niliyoiota. Vibanda vya makuti vilisimama juu ya nguzo, ngazi ya mbao ikipanda hadi kwenye kibaraza kinachotazama bwawa, na ng'ambo ya bwawa tembo watatu walikuwa wakijimwagia vumbi.

"Kimebaki kimoja kwa wiki mnayoitaka," alisema dada wa mapokezi. "Kuna wengine wanakiulizia. Nikuandikie, kaka?"

"Niandikie," nilisema.

Shangazi alipanda ngazi polepole, akakaa kibarazani, akatazama huku na huku. Kisha akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mkwe, si dungu hili?"

"Dungu?"

"La kuamia mpunga! Tangu darasa la tatu, kila likizo mwenzio alikuwa juu ya kitu kama hiki. Alfajiri anapiga debe kufukuza ndege, usiku nguruwe. Na tembo hao unaowachekea, akiwasikia alikuwa anakuja kuniingia mgongoni."

Dada wa mapokezi, maskini, alidhani ananisaidia. "Hapa tunawaamsha wageni saa kumi na moja alfajiri kwa ngoma, waende kuona simba."

"Nyie ngoma," alisema shangazi. "Sisi debe."

Minza alikuwa amenisimulia habari za dungu. Nilizipenda mno, hata nikaandika ukurasa mzima juu ya mtoto aliyelala karibu na nyota. Kumbe mtoto huyo hakuwa amelala. Sikuwahi kumuuliza.

"Dada, futa jina langu," nilisema. "Wape hao wengine."

Saa tisa, chini ya milima, tulipata nyumba ndogo ya wageni: matofali, bati, bustani ya mipapai. Haikuwa na cha kuandikiwa shairi. Nilimuuliza mama mwenye nyumba, "Wageni mnawaamsha saa ngapi?"

Alinishangaa. "Tuwaamshe kwani wanadaiwa? Mtu anaamka mwenyewe. Chai ipo mpaka saa tano."

Shangazi alivuta pazia. Chumba kikawa giza kama ndani ya chungu. Alikaa kitandani, akavua viatu. Nikaandikisha jina langu na la Minza.

Saa kumi na mbili jioni, Kilosa. Minza alitupokea mlangoni kwao.

"Tutaona tembo?"

"Siahidi."

"Sasa kuna nini huko?"

"Chai. Mpaka saa tano."

Alimgeukia shangazi yake. "Umemwambia wewe!"

"Mimi nilimwambia dungu tu. Saa ya kuamka kaiuliza mwenyewe."

Safari hiyo ilinifunza kwamba kabla ya kuuliza hoteli ina nini, heri umuulize mwenzako amechoshwa na nini. Minza alinishika mkono mbele ya shangazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na shangazi akageuka kuangalia pikipiki.